Safari Yetu ya Rodi Kopany: Je, Waislamu Wako Wangapi Huko?



Kila familia ya pwani iliyowahi kumpeleka mtoto bara, kwa masomo au kwa kazi, inalijua swali hili, kwa kuwa ndilo la kwanza kuulizwa na bibi, shangazi na majirani: "Huko aendako, Waislamu wako wangapi?" Anayeuliza hakusudii hesabu. Ndani ya swali hilo moja mna maswali manne: mtoto ataswali wapi Ijumaa, atakula nyama iliyochinjwa na nani, wanawe watasomeshwa Qur'ani na nani, na Mola akipitisha amri Yake, ataoshwa na kuzikwa na nani.

Sisi swali hili limetufikia mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa miaka mitatu iliyopita, binti yetu alipopata kazi ya ualimu huko Rodi Kopany, katika kaunti ya Homa Bay. Mara ya pili ilikuwa mwaka huu, siku chache baada ya Idd, ilipoletwa posa yake. Mposaji ni mwalimu mwenziwe, Mwislamu, Mjaluo wa Kendu Bay kwa baba na Mnubi wa Kisii kwa mama. Wazee walipokutana, mmoja wao alisema kwamba dini ya kijana amekwisha kuisikia, lakini watu wake hawajui; na mtu huoa na watu wake. Ikaamuliwa, kama ilivyo ada yetu, twende tukapeleleze. Tulikuwa wanne: wazazi wa binti, shangazi yake mkubwa na baba yake mdogo. Makala haya tunayaandika kwa idhini ya vijana wote wawili, kwa sharti kwamba majina yasitajwe.

Kabla ya kuondoka tulimpigia simu ndugu yetu anayefanya kazi Texas, Marekani, kumpa habari. Alicheka kidogo, akasema swali letu si geni hata huko aliko. Watu wenye asili ya Kihispania na Kilatino, ambao sensa ya Marekani ya mwaka 2020 iliwahesabu kuwa milioni 62 na ushei, nao wakihama huulizana mji gani una watu wao. Wako wanaochagua Laredo, mji wa mpakani ambako wao ni zaidi ya tisa katika kila watu kumi, au El Paso, ambako ni wapatao wanane katika kumi. Huko duka, jirani na lugha vyote mtu huvikuta tayari. "Lakini wapo pia," alisema, "katika vijiji ambako ni nyumba tano tu, na huko ndiko utakakojua wameshikamana au hawakushikamana." Maneno hayo tuliondoka nayo.

Njia ya kwenda

Kutoka Mombasa tulipanda garimoshi hadi Nairobi, tukalala kwa ndugu, na alfajiri tukashika basi la Kisii. Barabara huteremka Bonde la Ufa, ikapita Narok, ambako tulizikusanya adhuhuri na alasiri kwa kasri, kisha ikapanda tena nchi ya baridi ya Bomet yenye majani ya chai pande zote mbili. Shangazi alijifunika shuka mbili na kulalamika kwamba hata mfungo wa Rajabu Lamu haukupata baridi kama hii.

Kisii tulishuka kuwaamkia watu wa upande wa mama wa kijana, katika mtaa uitwao Nubia. Wengi wetu pwani twawajua Wanubi kwa jina la Kibera tu. Hao ni wazao wa askari wa Kisudani waliokuwa chini ya Emin Pasha, ambao Kapteni Lugard aliwachukua kutoka kando ya Ziwa Albert mwaka 1891 na kuwaleta katika utumishi wa Waingereza Uganda. Baadaye wengi wao waliingia katika jeshi la King's African Rifles lililoundwa mwaka 1902, na kila palipowekwa kambi au ofisi ya serikali, walibakia wakajenga. Sensa ya mwaka 2019 iliwahesabu Wanubi wa Kenya nzima kuwa elfu 21 hivi, idadi ambayo ingetoshea mtaa mmoja wa Mombasa. Hata hivyo, katika sebule tuliyoketishwa tuliona vikapu na mikeka ya rangi iliyosukwa kwa mkono, tukasikia udi, na watoto wakatubusu mikono mmoja baada ya mwingine. Shangazi alinong'ona kwamba amejiona yuko kwao. Lilikuwa neno lake la kwanza la upole tangu safari ianze.

Njia panda

Kutoka Kisii barabara kuu huelekea Rongo, Awendo, Migori na Isebania mpakani mwa Tanzania. Rongo ndipo tulipoiacha, tukakata kulia. Baada ya mashamba ya miwa na mahindi, tukafika Rodi Kopany.

Asitarajie msomaji mji mkubwa. Rodi Kopany ni njia panda: barabara itokayo Rongo huendelea hadi Homa Bay na ziwani, na nyingine hukata kwenda Ndhiwa na Karungu. Pana maduka ya mabati kandokando ya lami, pikipiki za abiria zimejipanga kivulini, akina mama wameketi na beseni za omena na mafungu ya nyanya. Siku ya soko hujaa watu na mifugo, na vumbi hupanda hadi jioni. Lugha ni Kijaluo, lakini ukiuliza kwa Kiswahili hukosi jibu, tena la adabu. Binti yetu wanamwita Nyar Mombasa, yaani binti wa Mombasa, kwa kuwa Wajaluo humwita mwanamke kwa alikotoka. Tulishangaa kusikia jina hilo likiitwa kwa furaha kutoka maduka matatu kabla hatujafika mlangoni kwake.

Swali la nyama lilijibiwa siku hiyo hiyo. Tulikwenda buchani na mabuibui yetu, na muuza nyama, ambaye si Mwislamu, akatutangulia kabla hatujafungua kinywa: "Mama, hii imechinjwa na Mwislamu. Ingekuwa sivyo ningemuuzia nani?" Katika miji mingi ya nchi yetu ndivyo ilivyo: machinjioni hukabidhiwa Mwislamu kisu, ili nyama iwafae watu wote. Sisi tuliokulia mahali ambapo jambo hilo halihitaji kuulizwa, hatukuwahi kufikiri kwamba mahali pengine asiyekuwa wa dini yetu hujitaabisha kulitimiza.

Mwenye nyumba wa binti yetu ni mama mjane, Msabato. Wasabato wana mizizi ya kale upande huu. Kituo chao cha kwanza katika Kenya kilianzishwa Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906. Shangazi alimhoji binti faraghani kuhusu sufuria za nyumba, akaambiwa kwamba kwa mama huyu nguruwe haingii wala pombe haipiti kizingitini, kwa kuwa dini yake nayo inavikataza. Kisha tukasikia jambo ambalo binti hakuwahi kutwambia kwa simu. Ramadhani ya kwanza alikuwa akiishi peke yake na usingizi ukimshinda. Mama yule alikuwa akiamka saa tisa na nusu ya usiku, akivuka ua na tochi, akigonga dirisha lake mpaka asikie ameitika, ndipo arudi kulala. Alifanya hivyo mwezi mzima. Mama mzazi wa binti alitoka nje kidogo, na aliporudi macho yake yalikuwa mekundu.

Ijumaa ya Homa Bay

Ijumaa tuliteremka Homa Bay, mwendo mfupi kutoka Rodi. Mji umeegemea ghuba ya ziwa ambalo wenyewe huliita Nam Lolwe, na mlima Asego umesimama juu yake umechongoka. Tulipouliza mitaa, tulitajiwa Makongeni, Sofia na Shauri Yako. Baba mdogo akasema kwamba mji wenye mtaa uitwao Shauri Yako hauwezi kuwa mgeni kwa Mswahili.

Wala si mgeni. Misafara ya wafanyabiashara wa pwani ilifika kwa Nabongo Mumia, kaskazini ya hapa, tangu karne ya 19, na huko Mumias Uislamu ukashika mizizi. Reli iliyoanzia Mombasa ilifika ziwani Kisumu mwezi wa Desemba 1901, na baada yake meli zikawa zikizunguka ziwa, zikitia gati Kendu Bay na Homa Bay kupakia mazao na kushusha nguo, chumvi na watu. Walikuja wenye maduka, mafundi cherehani, wapishi, makarani na askari: Waswahili, Wahindi, Waarabu, Wanubi na, baadaye, Wasomali wenye biashara za magari na mifugo. Pamoja nao wakawapo Wajaluo waliosilimu, ambao habari zao pwani hazisimuliwi sana.

Katika kaunti yenye watu 1,131,950 kwa sensa ya mwaka 2019, Waislamu ni sehemu ndogo sana. Msikitini wanawake tulijipanga safu chache. Aliyekuwa kuliani kwetu alikuwa Msomali, kushotoni mama wa Kijaluo aliyefunga mtoto mgongoni, na nyuma yetu wasichana wa shule wawili. Baada ya swala tulidhani tutatoka kimya kama wageni. Haikuwa hivyo. Mmoja alikuja kutuuliza kwa nini mwalimu wa Rodi hakuonekana Ijumaa mbili zilizopita; binti akaeleza kwamba ilikuwa mitihani. Mwingine akauliza iwapo homa yake imepona. Shangazi, aliyekuwa amejiandaa kuuliza wako wangapi, alimuuliza mama mmoja, naye akajibu: "Sijapata kutuhesabu, mama. Lakini asipokuja mmoja, twajua ni nani."

Tulilitafakari jibu hilo garini. Katika mitaa yetu misikiti iko hatua chache mmoja kutoka mwingine, na mtu anaweza kukosa jamaa mwezi mzima asiwepo wa kumbishia hodi. Hatusemi kwamba uchache ni bora kuliko wingi. Twasema tu kwamba ule uangalizi tuliokuwa tukiuogopea binti yetu kuukosa, aliupata, na pengine kwa kipimo kikubwa kuliko angeupata nyumbani.

Kendu Bay na swali la bibi

Jumamosi ndiyo iliyokuwa siku yenyewe. Tulifuata barabara ya kando ya ziwa hadi Kendu Bay, kwao kijana. Ni mji mdogo uliowahi kuwa na shughuli kubwa zaidi, enzi ya meli. Gati lipo, maduka ya kale ya Wahindi yapo, na Msikiti wa Tawakal umesimama, mweupe na mzuri, ukimwambia anayepita kwamba waliokaa hapa hawakukusudia kukaa kwa muda.

Ni upande huu, Kanyadhiang, alikotoka Onyango Obama, aliyezaliwa mwishoni mwa karne ya 19, akasilimu akaitwa Hussein, kisha akahamia Kogelo huko Siaya. Ni babu yake Barack Obama, Rais wa 44 wa Marekani. Dunia nzima imelisikia jina Hussein kwa sababu ya mjukuu. Wachache wamejiuliza lilifikaje kwa Wajaluo.

Tulipokewa na bibi yake kijana, ambaye wajukuu humwita Dani. Ni mama mrefu, mwenye leso mbili kama za kwetu, na Kiswahili chake ni fasaha. Tulikula ngege wa kukaanga, ugali wa mtama na mboga chungu ya osuga, ambayo sisi twaiita mnavu. Kijana mwenyewe alinawisha wageni mikono kisha akatoka, kama adabu inavyotaka. Baada ya chai, shangazi akaanza kazi iliyotuleta. Aliuliza ukoo, akajibiwa. Aliuliza kuhusu ndugu, akajibiwa. Kisha akauliza, kwa sauti ya heshima kabisa: "Na ninyi, bibi, mlisilimu lini?"

Dani alikaa kimya kitambo. Kisha alisema kwamba miaka ya nyuma alipata kuja Mombasa arusini, na katika siku tatu aliulizwa swali hilo mara nne. "Mimi nilizaliwa nikaadhiniwa," alisema. "Baba yangu alinisomesha alifu na be kwa kijiti, pale chini ya mti. Baba yake naye aliswali. Watu wa ukoo wetu wasio Waislamu huniuliza kwa nini niliacha mambo ya Wajaluo. Watu wa pwani huniuliza niliingia lini mambo ya Waislamu. Sasa niambieni, wanangu, na babu zenu ninyi walisilimu lini?"

Hakuna aliyejibu. Babu zetu nao walisilimu, kila mmoja na siku yake, isipokuwa sisi tumeisahau siku hiyo na hakuna anayetukumbusha. Shangazi alikishika kile kikombe chake kitupu muda mrefu. Hatimaye akasema, "Nisamehe, dada yangu. Nimekosea." Tangu tumjue, hatujapata kumsikia akisema neno hilo mbele ya watu.

Baada ya hapo mazungumzo yalikuwa mepesi, na yaliyobakia katika maswali yetu yalijibiwa waziwazi. Kuhusu chuo, tulikwenda kuwaona watoto wakisoma baada ya alasiri. Wanasoma vizuri, lakini juzuu ni chache, nyingine kurasa zimetoka, na wawili watatu husomea juzuu moja. Mwalimu wao hulipwa kinachopatikana, na mwezi mwingine hakipatikani. Hakulalamika, ni sisi tulioona.

Kuhusu mazishi, Dani hakuficha uzito wake. Kwa desturi ya Kijaluo maiti hurudishwa nyumbani, dala, hungojwa hadi ndugu wote wafike kutoka miji ya mbali, na siku huweza kuwa nyingi. Uislamu hautaki kumchelewesha maiti. Mumewe alipofariki alizikwa siku ile ile, na shemeji zake wasiokuwa Waislamu walipofika walikuta udongo. Walilia kwa uchungu wa mauti na uchungu wa kutokumuaga. "Sikubishana nao," alisema. "Niliwapikia siku tatu, nikawaacha walie wanavyojua. Siku ya nne walikuja kuniambia kwamba wamefahamu." Alitukumbusha mazishi ambayo nchi nzima iliyashuhudia: Mama Sarah Obama, mke wa Hussein Onyango, alifariki Kisumu tarehe 29 Machi 2021 akiwa na miaka 99, na kesho yake akazikwa Kogelo kwa taratibu za Kiislamu. Siku hiyo, alisema, hakuna Mjaluo aliyemuuliza tena kwa nini wao huharakisha.

Simbi Nyaima

Jioni tulipelekwa kuliona ziwa dogo la Simbi Nyaima, nje kidogo ya mji. Ni bakuli la maji ya magadi, kijani kibichi, lisilotoa mto wala kupokea mto, na nyakati nyingine heroe hulitembelea. Jina lake ni kijiji kilichozama, na kisa chake kila mtoto wa hapa anakijua. Inasemekana ajuza mgeni alifika kijijini usiku wa mvua, na watu wako katika karamu. Aliomba hifadhi, akafukuzwa. Mwanamke mmoja tu alimkaribisha, akamkaushia nguo na kumpa chakula. Ajuza akamwambia achukue watu wake waondoke naye. Mvua ikaendelea, ardhi ikafunguka, na kijiji chote kikazama na ngoma zake.

Ni hekaya, na sisi twaisimulia kama hekaya. Lakini tuliposimama ukingoni hatukuweza kuacha kumfikiri yule mama wa Rodi na tochi yake. Mgeni aliyebishiwa dirisha ni binti yetu. Na wageni wanaotoka nyanda hizi kuja kwetu, kwa kazi au kwa ndoa, huwa tunawafungulia mlango namna gani?

Mawe yasiyo na chokaa

Siku ya mwisho mjomba wake kijana, mwenye duka Migori, alitupitisha njia ya Ndhiwa ili tuione Thimlich Ohinga. Ni ngome za mawe katika kaunti ya Migori, zinazodhaniwa kujengwa karne ya 16, nazo ziliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2018. Sisi tumezoea Gedi na Takwa, matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa. Hapa hapana chokaa wala udongo wa kushikia; ni mawe yaliyopangwa kwa kuchaguliwa, kubwa na dogo, hadi kuta nyingine zikafikia mita nne na nusu. Mlinzi alitueleza kwamba waliojenga na waliokuja kukaa baadaye hawakuwa kabila moja. Kila waliofika walizitengeneza kuta walizozikuta.

Migori yenyewe ni mji wa mchanganyiko mkubwa zaidi: Wajaluo, Wasuba, Wakuria, Waluhya, Wakisii, Wasomali, Wanubi, na wafanyabiashara waingiao kutoka Tanzania na Kiswahili chao kitamu. Tuliswali adhuhuri dukani kwa mjomba, wateja wawili wakaungana nasi, tukaagana.

Tuliyorudi nayo

Twajua kwamba baadhi ya wasomaji watataka kusikia habari ya kufu. Nasi tulikua tukilisikia neno hilo, na mara nyingi maana yake ilikuwa mtaa, rangi na jina la ukoo. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alitufundisha kutazama dini na tabia, na Suratul Hujurat inatuonyesha kwamba makabila yaliumbwa kwa ajili ya kujuana. Tulikuwa tukiyajua hayo yote tangu chuoni. Lakini tulihitaji kusafiri siku mbili na kuulizwa swali moja na bibi mmoja ili yatoke ulimini yaingie moyoni.

Tulipofika nyumbani wazee walikutana tena. Yule aliyesema hawajui watu wa kijana aliuliza, kama tulivyotarajia, "Basi, wako wangapi?" Shangazi ndiye aliyejibu. "Wanatosha kuswalia maiti," alisema, "na wanatosha kugundua nani hayupo." Binti aliulizwa ridhaa yake kwa simu mbele ya wote, akaitoa. Posa ikakubaliwa. Nikahi, Mola akipenda, ni mfungo sita, baada ya Maulidi, na Dani amealikwa kukaa nasi mwezi mmoja. Kila mwanamke wa nyumba yetu ameonywa kuhusu swali asilopasa kuulizwa.

Lipo jambo moja tunalowaomba, ndugu zetu. Katika nyumba nyingi za pwani mna juzuu na misahafu iliyorundikwa kabatini, watoto wamekwisha kuhitimu, hakuna azisomaye. Sisi tumekusanya za kwetu na za majirani, zimejaa masanduku mawili, nazo zitasafiri na mabasi wiki ijayo hadi Kendu Bay. Aliye na mtoto au ndugu bara na aulize chuo cha karibu naye kina upungufu gani. Jibu atalipata, na huenda analo tayari ndani ya nyumba yake. Na yule mwenye binti au kijana aliye mbali, asimwulize tu idadi ya Waislamu walioko. Amwulize majina yao, na siku moja afunge safari akawaamkie.

Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu popote walipo, awalipe kheri wanaowabishia madirisha usiku wa daku, wa dini yetu na wasio wa dini yetu, na atujaalie milango yetu iwe wazi kwa mgeni kabla ya mvua kunyesha. Amin.

Wabillahi tawfiq.